Kishike kwanza, bei uulize baadaye

Mdogo wangu wa Rujewa, uliyeniuliza kuhusu kile kisu cha kukunja kinachogeuka plaizi, swali lako nimelipenda kwa sababu limebeba mawili. Unasema wewe ni karani kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kutwa unafungua na kufunga magunia, na kila ukihitaji kitu cha kukatia unaazima wembe au unang'ata uzi kwa meno. Hilo ni la kwanza. La pili umelichomeka mwishoni kwa maneno machache: unatoka kazini giza limeshaingia, na ungependa kisu hichohicho kikulinde njiani. Nitayajibu yote mawili, na majibu yake hayafanani hata kidogo.

Tuanze na la kazi.

Kabla hujamwendea mmachinga pale sokoni, itazame mikono yako inafanya nini siku nzima. Kwa karani wa mashine, kisu hukutana na uzi wa mdomo wa gunia, kamba ya katani, salfeti lililochanika linalotakiwa kupunguzwa, labda na embe la saa saba mchana. Plaizi utaihitaji mara chache, na siku ukiihitaji, fundi wa mashine anayo ya kwake, kubwa na yenye nguvu. Kijana wa bodaboda, au mwenye pampu ya kuvutia maji kwenye majaruba, ana hesabu nyingine: waya unamkatikia katikati ya njia ya Ubaruku, nati inalegea, mpira wa maji unapasuka na kutaka kukatwa. Kwake yeye plaizi, bisibisi na kisu ndani ya mpini mmoja vinaokoa siku. Kwa hiyo ninayokuambia wewe huenda kijana huyo nisingemwambia.

Vifaa hivi vya kugeuka vilitokana na shida za namna hiyo. Mwaka 1975 Mmarekani Tim Leatherman na mkewe walikuwa wakizunguka Ulaya na Mashariki ya Kati kwa Fiat kuukuu iliyowasumbua kila mara. Mfukoni alikuwa na kisu cha kukunja, akawa anatamani kingekuwa na plaizi. Alirudi kwao akahangaika miaka mingi na mfano wake, na kifaa chake kikaingia sokoni 1983. Zamani kabla yake, huko Uswisi, Karl Elsener, aliyefungua karakana mwaka 1884, alikuwa amesajili kisu cha maofisa wa jeshi mwaka 1897. Ujanja wake ulikuwa springi ya mgongoni inayoshikilia vipande vya pande zote mbili, ndiyo maana kikabaki chembamba. Vingi unavyoviona vimetandazwa juu ya turubai vimeiga hivyo viwili kwa bei nafuu, na unafuu huo umetoka mahali: kwenye chuma, kwenye ribiti, au kwenye loki. Pajue mahali penyewe kabla hujatoa hela.

Mimi naanza na loki. Kisu cha kukunja kina kiungo, na kiungo kinaweza kujikunja wakati usiotaka. Kikijikunja ukiwa unasukuma, makali yanarudi kwenye vidole vyako, na kidole kilichokatwa kano hakikunji tena mpaka daktari wa upasuaji aiunge. Wewe unaishi kwa kuandika na kuhesabu. Usicheze na jambo hili.

Kisu cha Uswisi cha kawaida hakina loki. Springi yake inakaza tu, na kinamfaa mtu anayekata kwa kuvuta kuja kwake, kama kukata uzi. Vingine vina bati jembamba ndani ya mpini, ambalo ukifungua kisu linaruka na kuzuia shina la bapa lisirudi. Opinel ya Ufaransa, yenye mpini wa mti, tangu 1955 ina pete ya chuma unayoizungusha ili kuziba njia, na naipenda kwa sababu loki hiyo unaiona kwa macho. Sasa vile vya kugeuka plaizi ndivyo vya kuangaliwa zaidi. Katika vingi vya bei ya chini, plaizi ni nzito na imekaa vizuri, lakini kipande cha kisu hakina loki yoyote na springi yake ni dhaifu. Muuzaji atakufungulia plaizi, atakubofyea bisibisi, atakuonyesha na opena ya soda. Wewe mwambie, "Kaka, nipe nifungue kisu mwenyewe."

Kifungue mpaka mwisho usikie kimeshika. Shika mpini, vidole vyote viwe pembeni, kisibaki hata kimoja kwenye mfereji ambamo bapa hulala. Halafu kandamiza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, taratibu, ukiongeza nguvu kidogo kidogo. Kikilegea, kirudishe na ushukuru. Kikishika, likamate bapa kwa mgongo wake ulitikise kulia na kushoto; likicheza leo kikiwa kipya, miezi michache ijayo litakuwa linayumba. Kifunge uangalie ncha, kwa sababu ncha inayochungulia nje ya mpini itachana mfuko, kisha ichane paja. Kifungue tena mkono ukiwa umelowa, maana Usangu wakati wa masika hakuna mkono mkavu. Kama ni cha plaizi, ibane kwa nguvu usikie kama kingo za mpini zinakuuma kiganjani, kisha inua midomo yake juani: mwanga ukipita kwenye ncha, haitashika waya mwembamba. Bei uulize baada ya hapo.

Kuhusu chuma, soma maandishi madogo yaliyo karibu na kiungo. Visu vingi vinatoka China na vyuma vyao vina majina yanayosomeka. Ukiona 3Cr13, tarakimu ya mbele inahusu kaboni, takriban asilimia 0.3, na 13 ya nyuma ni kromiamu, takriban asilimia 13. Ukiona 8Cr13MoV, kaboni imepanda kufikia asilimia 0.8 hivi. Kaboni ndiyo inayoruhusu chuma kuwa kigumu kikatunza makali; kromiamu, kuanzia asilimia kumi na nusu hivi, ndiyo inayozuia kutu. Kwa hiyo 3Cr13 haitakusumbua kwa kutu, ila utainoa mara kwa mara, na 8Cr13MoV itakaa na makali zaidi. Kisu kilichoandikwa 440 bila herufi A, B au C mwishoni hakijakuambia la maana, kwa sababu herufi hiyo ndiyo inayotofautisha chuma laini na kigumu.

Wewe hasa, mdogo wangu, una adui ambaye karani wa ofisini hana. Maganda ya mpunga yana silika nyingi, madini yaleyale yaliyo kwenye mchanga na kioo. Vumbi la mashine unalolipumua, hilohilo linakaa kwenye kiungo cha kisu na kusaga ribiti, na linakula makali kila unapokata gunia lililojaa pumba. Ndiyo maana nakushauri uchukue kisu chenye vipande vichache na mpini ulio wazi, ambao ukiutazama upande mmoja unaona mwanga upande wa pili. Kinaoshwa kirahisi. Kifaa chenye vipande kumi na viwili kitashiba vumbi, na hutapata pa kupitisha hata mswaki.

Ukiwauliza wazee watakutajia Okapi. Visu hivyo vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na nchi yetu ilikuwa mojawapo. Tangu 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Ni rahisi, mpini wake mara nyingi ni wa mti, na bapa lake la chuma cha kaboni linanoleka vizuri sana ila linashika kutu usipolifuta. Kwa mtu mwangalifu ni kisu kizuri. Na usimdharau mhunzi. Kisu kisichokunjika, kilichofuliwa kutoka kwenye springi ya lori na kuwekewa ala ya ngozi, hakina kiungo cha kulegea, na kwa mfugaji au kwa jikoni ndicho ningechagua mimi. Nyanda zetu za juu hazikuanza leo kujua chuma. Wakinga wa Makete walisifika kwa kufua majembe zamani sana kabla ya maduka ya vifaa. Wewe unahitaji cha kukunja kwa sababu tu unakaa na watu na magunia siku nzima, na kisu kilicho wazi juu ya meza ya karani kitamkata mtu.

Ukishakinunua, kioshe kwa maji ya moto na sabuni, sugua kiungo kwa mswaki wa zamani, kikaushe, kisha kitie tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda na kukamata vumbi, hayafai. Kinoe mwenyewe kwenye kinoo, bapa likiinama kidogo tu juu ya jiwe, pande zote mbili sawasawa. Ukimpelekea mwenye mashine ya umeme, simama hapo uangalie: chuma kikiingia rangi ya buluu kwenye makali, moto umeshakilainisha, na makali hayatadumu tena.

Gunia usilichome kwa ncha ya kisu ili kutazama punje. Bambo lipo kwa kazi hiyo, na nyuzi za salfeti hurudi pale lilipopita. Mchano wa kisu unaendelea kupanuka mpaka mchele unamwagika ndani ya lori likiwa barabara kuu.

Hili lingine nalisema kwa uchungu. Mashamba ya mpunga yanatumia dawa nyingi za magugu na wadudu, na nimeona kisu kikichana mfuko wa dawa, kikafutwa kwenye suruali, halafu kikamenya embe la mtoto. Kisu kinachofungua dawa kiwe cha dawa peke yake, kiwekwe stoo na mabomba ya kupulizia, kisiingie mfukoni mwa mtu wala kusogelea chakula. Sabuni ya mara moja haitoshi kukirudisha mezani. Akina mama, waambieni na vijana wenu wa shambani.

Kuhusu kusafiri, ni machache. Ukipanda ndege Songwe, kiweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, la sivyo kitaishia kwa wakaguzi. Ndugu zetu walioko Uingereza wajue kwamba kule kisu cha kukunja kisicho na loki, chenye makali yasiyozidi sentimita 7.62, ndicho kinachobebeka bila kuulizwa sababu. Chenye loki kinahitaji sababu ya maana. Hapa kwetu, Kanuni ya Adhabu inafanya kuwa kosa kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutisha watu. Kisu kidogo kilichofungwa, ndani ya mkoba wa karani mwenye daftari la magunia, kinajieleza chenyewe. Kisu hichohicho kilabuni usiku hakijielezi.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye swali lako la pili.

Hapana, mdogo wangu. Kisu hiki usikinunue kwa ajili ya kujilinda. Fikiria kitakavyokuwa: mkoba una zipu, ndani kuna simu, kanga, daftari na funguo, unakitafuta gizani, unakikamata, kinahitaji mikono miwili kukifungua. Aliyekukusudia hakungojei. Tuseme umekifungua. Makali ya sentimita saba yanakutaka usogee mahali ambapo yeye tayari anaweza kukushika mkono, na akishakushika, kisu ni chake. Tena kinakupa ujasiri wa kupita njia ambayo bila kisu usingeipita. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Tuulize badala yake kwa nini unaogopa. Kama ni kwa sababu unatoka na fedha za mauzo, basi anayekuvizia anavizia fedha, na dawa yake ni kutokuwa nazo. Kaa na bosi wako mkubaliane kwamba hesabu zinafungwa jua likiwa bado lipo na fedha zinakwenda benki au kwa wakala kabla ya giza, na kila mtu pale mashineni ajue hivyo, wapagazi, madereva na wanunuzi, ili habari zimfikie anayepaswa kuzisikia. Mwombe pia akulipie bodaboda siku za kuchelewa, dereva mmoja mnayemjua na kijiwe chake mnakijua. Ni haki kumwomba, kwa sababu unachelewa kwa kazi yake. Tokeni wawili watatu pamoja, hata kama ni kumsubiri mama wa chakula afunge masufuria yake. Tochi ya maana ni bora kuliko kisu, na mtu wa nyumbani anayejua saa yako ya kufika ni bora kuliko tochi. Ukiona hatari, 112 inapigwa bure.

Lakini nimeyasoma tena maneno yako ya mwisho, na nina wasiwasi kwamba huogopi giza tu. Kama yupo mtu unayemfahamu, anayekufuata, anayekusubiri kwenye kona, aliyekutishia kwa maneno au kwa ujumbe wa simu, ujumbe huo usiufute. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii, na kesho asubuhi nendeni pamoja kituo cha polisi mkaulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Liko kwa ajili ya mambo hayo, na hamlipi kitu. Eleza tarehe, mahali na alichosema, kwa mpangilio uleule unaoandikia magunia yako. Halafu uniandikie tena, hata mstari mmoja, nijue umefika.