Somo: Kung'arisha Alumini ya Pikipiki Nyumbani

Huenda wewe au mwenzako katika huduma hutumia pikipiki ya njia mbovu, kama Yamaha DT 125 au Honda XL 125, kufikia vigango, zahanati au vikundi vya wakulima. Chombo hicho tumekabidhiwa tukitunze. Katika somo hili tunatazama sehemu zake za alumini: kava za injini, miguu ya chini ya shokapu za mbele, habu za magurudumu, na mikono ya breki na klachi. Zikipigwa na matope na mvua hufifia na kuota unga mweupe, hasa kwenye chumvi ya pwani.

Tuseme wazi kwamba mng'aro hauongezi nguvu ya injini. Faida yake ni kwamba anayesugua kwa mkono huona vitu anavyovipita kila siku: ufa kwenye kava, oili inayovuja, nati iliyolegea.

Kwanza jua unachosugua. Weka sumaku, ikinata, hiyo si alumini. Mabomba ya juu ya shokapu ni ya chuma yaliyopakwa kromu, nayo msasa usiyaguse kabisa. Mkwaruzo mdogo hapo hukata sili, na oili ya shokapu huanza kuvuja. Kava iliyopakwa rangi kiwandani iache na rangi yake. Mapezi ya silinda yaondolee matope tu ili hewa ipite, hayahitaji kung'aa.

Injini ikiwa imepoa, ziba tundu la ekzosi na njia ya hewa, kisha osha kwa maji na sabuni mpaka grisi yote itoke. Sugua kidogo kwa dawa ya kung'arishia inayofaa alumini. Kitambaa kikigeuka cheusi, umefika kwenye alumini yenyewe. Kisipobadilika, huenda juu kuna vanishi, nayo lazima itoke kwanza.

Penye mikwaruzo anza na msasa wa maji namba 400, halafu 600, 800 na 1200, ukiulowesha daima kwa maji ya sabuni. Kila ukibadili namba, geuza mwelekeo wa kusugua, na usiende mbele mpaka alama za msasa uliotangulia zimekwisha. Hapa ndipo wengi hukosa uvumilivu, wakarukia dawa, na mistari ikabaki ikionekana chini ya mng'aro. Ukimaliza paka dawa, futa kwa kitambaa safi, kisha pitisha nta ya gari kidogo.

Sasa hatari. Kwa kuwa wengi wetu husugua sufuria kwa majivu, mtu anaweza kudhani kwamba soda kaustiki, ile ya vikundi vya kutengeneza sabuni, itafanya kazi haraka zaidi. Usijaribu. Alumini hujikinga kwa utando mwembamba unaojiunda yenyewe inapokutana na hewa. Soda hula utando huo, kisha huila alumini yenyewe, ikitoa mapovu ya gesi ya haidrojeni inayoshika moto upesi. Hula hata nyuzi zinazoshika boliti, na tone moja likiruka laweza kupofusha jicho.

Hatari ya pili ni breki. Pikipiki nyingi za aina hii zina breki za dramu zilizo ndani ya habu. Dawa au nta ikiingia humo, breki huteleza. Sugua habu kwa nje tu, kwa kitambaa chenye dawa kidogo, wala usimimine. Mikono ya breki, pedali na mahali pa kuwekea miguu visipakwe nta. Kabla ya kurudi barabarani, jaribu breki zote mbili uwanjani kwa mwendo wa polepole.

Kwa kikundi: leteni pikipiki moja na sumaku. Kila mmoja aonyeshe sehemu tatu za alumini na moja isiyopaswa kuguswa na msasa. Kisha kubalianeni ni nani atakagua breki kila baada ya kuosha, na ataandika wapi alichokiona.