Nani Atasimama na Asiye na Kitu?

Somo: Danieli 13:1-64



Tuseme ni msimu wa korosho hapa Lulindi. Magunia yameibwa ghalani, na vijana wawili wanakamatwa. Mmoja ni mtoto wa mfanyabiashara, mwingine ni kibarua wa shambani. Wa kwanza anatoka kwa dhamana siku hiyohiyo: baba ana nyumba, wadhamini wapo, na wakili ameshapigiwa simu Mtwara. Kibarua anabaki mahabusu kwa sababu hana mdhamini anayekubalika. Tuhuma ni ileile, sheria ni ileile. Na hapo hakuna aliyetoa rushwa hata shilingi moja!

Katiba yetu, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi. Ni agizo zuri. Lakini asiye na wa kumsemea anaanza safari akiwa nyuma.

Tumwangalie Susana. Waliomshtaki walikuwa wazee, tena waamuzi. Watu wakawaamini kwa vyeo vyao, wakamhukumu afe. Jamaa zake walikuwepo, wakalia tu. Kijana Danieli hakuwa na cheo wala fedha. Alifanya jambo moja: aliwatenganisha mashahidi, akamuuliza kila mmoja tukio lilitokea chini ya mti gani. Kila mmoja akataja mti wake. Swali moja tu, na uongo ukaanguka.

Jamani, mambo haya si ya zamani tu. Alex Thomas alihukumiwa Rombo kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Hakuwa na wakili. Tarehe 20 Novemba 2015, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilisema Tanzania ilipaswa kumpa msaada wa kisheria bure, kwa uzito wa kosa lile. Miaka miwili baadaye tukapata Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, inayotambua wasaidizi wa kisheria kwa ajili ya wasio na uwezo.

Basi kijana, wewe ufanye nini? Ukisikia mtu wa jumuiya yenu kakamatwa, usianze na "atakuwa kaiba tu". Nenda ukamwone. Isaidie familia kutafuta mdhamini na msaidizi wa kisheria. Anzeni kuuliza ofisi ya maendeleo ya jamii. Ukiitwa kutoa ushahidi, sema ulichokiona, hata kama mshtaki ndiye anayekupa kibarua. Hapo ndipo penye gharama.

Tutafakari:
1. Nimewahi kumhukumu mtu kwa umaskini wake, au kumwamini mtu kwa sababu ana gari?
2. Nimewahi kunyamaza kwa kumwogopa mkubwa?

Tusali: Ee Mungu, uliyesikia kilio cha Susana, utupe moyo wa Danieli, tusiuogope uso wa mtu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.