Kuzisoma Meli na Alama za Ghuba ya Winam

Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Cherangani na Mlima Elgon haibaki huko. Hukusanyika katika vijito vya mashamba ya Kitale, ikaingia Mto Nzoia, ikapita Webuye katika nchi ya Bungoma, ikateremka Mumias hata Budalang'i, ambako mto humwagika katika Ziwa Victoria. Maji hayo yaijua njia ya ziwani. Lakini wako wengi katika wenyeji wa nyanda hizo za juu ambao hawajapata kuliona ziwa. Siku wafikapo Kisumu na kupanda chombo kwa mara ya kwanza, huwa kama mtu aliyepewa kitabu cha lugha asiyoijua.

Somo hili ni la msafiri huyo. Majini kila kitu husema: umbo la chombo, mstari uliochorwa ubavuni, rangi ya taa, kilima kilichosimama ng'ambo. Ajuaye kuyasoma hayo hupata raha ya safari, na zaidi ya raha, huenda akaiokoa roho yake.

1. Ghuba na alama zake

Ghuba ya Winam, ambayo zamani iliitwa Ghuba ya Kavirondo, ni mkono wa ziwa ulioingia nchi kavu upande wa mashariki. Mji wa Kisumu uko mwisho wa mkono huo, mahali palipo kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji ya ghuba ni haba kina yakilinganishwa na yale ya ziwa lenyewe, kwa hiyo meli kubwa haiendi popote ipendapo, bali hufuata njia yake.

Chombo kitokacho Kisumu huelekea magharibi. Nyuma yake huonekana vilima vya Nandi, ambavyo mara nyingi alasiri hufunikwa na mawingu ya mvua. Mkono wa kuume, yaani upande wa kaskazini, kuna kisiwa cha Maboko, ambako wataalamu wamefukua mifupa ya nyani wa zama za kale sana, na kisiwa cha Ndere, ambacho kimekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1986. Mkono wa kushoto kuna Kendu Bay. Kisha Mlima Homa unasimama peke yake, juu ya maji kwa kiasi cha mita 600. Mlima huu ndio alama kuu ya ghuba, kwa maana huonekana toka mbali pande zote.

Mwisho wa ghuba ni mlango ulio baina ya nchi ya Uyoma na kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya mwaka 1969. Nje ya mlango huo kisiwa cha Mfangano hujitokeza kwa urefu wake, na hapo ndipo maji makuu yanapoanza. Baina ya Rusinga na Mbita palikuwa na mkondo mwembamba, nao ulizibwa kwa tuta la barabara katika miaka ya 1980. Mwaka 2017 daraja lilifunguliwa mahali pa tuta, maji yakapata kupita tena.

Nahodha huzitumiaje alama hizi? Alama moja humwonyesha upande tu. Akipata mbili, kwa mfano kilele cha Homa upande mmoja na ncha ya kisiwa upande wa pili, hujua mahali alipo. Kwa kuwa yuko pale ambapo mistari miwili itokayo katika alama hizo inakutana. Wavuvi hufanya vivyo hivyo kwa mti mkubwa na paa la nyumba, bila ya ramani wala dira.

2. Vyombo vya wenyeji

Chombo kionekanacho zaidi ni mashua ya mbao ya wavuvi, yenye mkuku mrefu na rangi nzuri, na jina lake limeandikwa ubavuni. Nyingine huenda kwa makasia, nyingine kwa mashine, na nyingine bado hutweka tanga la pembe tatu mfano wa majahazi ya pwani.

Mwenye tanga hutegemea tabia ya upepo, na tabia hiyo yafaa ijulikane hata na abiria. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na kwa hiyo alfajiri upepo huvuma kutoka nchini kwenda ziwani. Mchana jua huipasha nchi moto, upepo ukageuka na kuvuma kutoka ziwani. Mvuvi hutoka kwa upepo wa asubuhi, akarudi kwa upepo wa alasiri, kana kwamba mlango mmoja unafunguliwa mara mbili kwa siku.

Usiku usio na mbalamwezi mgeni huona taa nyingi juu ya maji, akadhani ni mji. Sivyo. Hao ni wavuvi wa dagaa, ambao Wajaluo huwaita omena. Taa huwavuta samaki hao wadogo hata wakakusanyika mahali pamoja na kuzungushiwa wavu.

3. Meli zilizozaliwa katika mto mwingine

Ziwa Victoria halina njia ya meli kwenda baharini. Basi meli kubwa za chuma zilifikaje? Jibu liko mbali sana, katika nchi ya Uskochi, kando ya Mto Clyde. Mto huo, kama ghuba ya Winam, huingiwa na vyombo kati ya vilima na visiwa, na kandokando yake katika mji wa Glasgow mafundi waliunda meli za kwenda kila upande wa dunia. Meli za ziwani ziliundwa huko kwa vipande, vikapakiwa melini hata Mombasa, kisha vikaunganishwa upya Kisumu.

Ya kwanza ilikuwa William Mackinnon. Iliundwa Glasgow mwaka 1890, na vipande vyake vikafika Mombasa mwaka 1895, kabla ya reli kuanza kujengwa. Reli yenyewe haikufika ziwani mpaka Desemba 1901, lakini meli ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900. Maana yake ni kwamba chuma kile kilipita sehemu kubwa ya njia kwa nguvu za wapagazi na wanyama, kikipanda milima na kushuka mabonde. Majina ya watu wale hayakuandikwa ubavuni mwa meli, ingawa pasipo wao isingeelea.

Zile zilizofuata, kama Winifred na Sybil, na baadaye Usoga na Rusinga, zilipata msaada wa gari la moshi. Meli ya Victoria nayo iliundwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande, ikaanza kazi mwaka 1961. Mwaka 2020 ilirudi kazini huko Mwanza baada ya kutengenezwa upya. Uhuru, iliyoanza kazi miaka ya 1960, ina reli juu ya sitaha yake, hata mabehewa huingia ndani yake pamoja na shehena. Katika miaka ya karibuni MV Uhuru II imeundwa Kisumu kwenyewe kwa mikono ya mafundi wa Kenya. Kazi iliyokuwa ya Clyde imehamia Winam.

4. Mstari wa ubavuni

Ubavuni mwa meli kubwa kuna alama ya duara lililokatwa na mstari. Aliyeipigania ni Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza, na sheria yake ilipitishwa mwaka 1876, baada ya mabaharia wengi kufa katika meli zilizopakiwa kupita kiasi. Mstari ukionekana juu ya maji, shehena haijazidi. Ukizama, meli imelemewa. Mashua haina mstari huo, lakini msafiri aweza kutazama ni ubao kiasi gani uliobaki juu ya maji.

Jambo hili si dogo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikiwa na watu wengi kuliko kiasi chake, ilipinduka ilipokuwa ikiikaribia Mwanza, na watu mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Zaidi ya watu 220 walikufa, ingawa kivuko kile kiliruhusiwa kuchukua abiria wapatao mia tu. Nchi kavu ilikuwa mbele ya macho yao. Ajali hizi mbili zafundisha kwamba kuiona pwani si kufika, na kwamba chombo kilicholemewa hakihitaji tufani ili kuzama.

5. Taa za usiku

Meli ina taa nyekundu ubavu wa kushoto, ya kijani ubavu wa kuume, na nyeupe mlingotini na shetrini. Aliye katika mashua akiona nyekundu peke yake, anautazama ubavu wa kushoto wa meli. Akiona kijani, ubavu wa kuume. Akiziona zote mbili pamoja, meli inamjia moja kwa moja, naye hana budi kuondoka njiani upesi. Vyombo viwili vyenye mashine vikikabiliana, kila kimoja hugeukia kuume kwake.

Msafiri atokaye Kitale au Bungoma, kabla ya kutia mguu chomboni, na afanye mambo matatu: atazame chombo kimezama kiasi gani; aulize koti la kuelea liko wapi, alivae; na akiona watu wamezidi, angoje chombo kingine. Kumwambia nahodha, "Mzee, nitasafiri kesho," si aibu. Wahenga walisema, heri kufikiri kabla ya kutenda.

Maswali kwa wasomaji

1. Kwa nini upepo wa ziwani hugeuka kati ya alfajiri na alasiri?
2. Vipande vya William Mackinnon vilipitaje kutoka Mombasa hata Kisumu, na kwa nini?
3. Ukiona taa nyekundu na ya kijani pamoja usiku, utafanya nini?
4. Taja alama mbili za nchi unayokaa ambazo mgeni angeweza kuzitumia ili ajue mahali alipo.