Pikipiki Kuukuu Inayoshtuka Gia Zinapobadilishwa: Kabla Hujakubali Injini Ifunguliwe

Pikipiki iliyotumika miaka mingi huanza kuonyesha tabia ambazo mwenye nayo huzizoea pole pole. Akiachia mafuta kisha akayavuta tena, husikia pengo dogo, halafu kishindo cha chuma. Akitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, chombo humrusha mbele, na abiria aliye nyuma humgonga mgongoni. Akifika gereji huambiwa kwamba gia boksi imekwisha. Kauli hiyo huweza kuwa ya kweli. Lakini ni kauli ya gharama kubwa, na kabla ya kuikubali mtumiaji ana haki ya kuonyeshwa ubovu ulipo. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuutafuta mwenyewe.

Nguvu ya injini haifiki kwenye gurudumu kwa hatua moja. Hutoka ndani ya injini hadi sproketi ndogo, ikapita kwenye mnyororo hadi sproketi kubwa, kisha ikapokelewa na vipande vya raba vilivyomo ndani ya habu ya nyuma, ndipo gurudumu likazunguka. Kila kiungo kina ulegevu wake kidogo, na kiasi fulani kimewekwa makusudi na mtengenezaji. Mshtuko hutokea pale ulegevu wa viungo vyote unapojumlishwa. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni kiungo kipi kimezidi.

Kipimo chake hakihitaji fedha. Zima injini, toa ufunguo, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati ili gurudumu la nyuma lining'inie, kisha weka gia ya kwanza. Lishike gurudumu kwa mikono na ulisukume mbele na nyuma taratibu huku mtu wa pili akitazama. Gurudumu likicheza wakati sproketi kubwa imetulia, raba za habu zimekwisha. Sproketi kubwa ikizunguka nayo huku mnyororo ukipanda na kushuka, tatizo ni mnyororo. Sproketi ndogo ikicheza juu ya shafti yake, meno ya ndani yameliwa, ya sproketi au ya shafti yenyewe. Mchezo ukibaki hata pale sproketi ndogo inaposogea sawasawa na shafti yake, basi unatoka ndani ya injini. Na hata hapo mchezo mdogo ni wa kawaida. Kazi hii isifanywe kamwe injini ikiwa inanguruma. Mnyororo unaozunguka hukata vidole.

Mnyororo ndio mshukiwa wa kwanza, nasi tunashauri uanze nao daima. Katika pikipiki nyingi ndogo za barabarani, sehemu ya chini ya mnyororo, katikati ya sproketi mbili, hutakiwa kupanda na kushuka kwa jumla ya milimita 20 hadi 30 hivi. Kipimo halisi kimo katika kitabu cha pikipiki yako, na mara nyingine kwenye kibandiko karibu na gurudumu la nyuma. Pima mahali kadhaa huku ukizungusha gurudumu, kwa kuwa mnyororo mkuukuu haurefuki sawasawa, na urekebishe kwa kufuata pale unapokaza zaidi. Legeza nati ya ekseli, zungusha virekebishio vya pande zote mbili kwa kiasi kilekile, hakikisha alama za kulia na kushoto zinalingana, kisha kaza. Ikiwa breki ya nyuma ni ya fimbo, nayo irekebishwe upya, maana gurudumu likirudi nyuma fimbo hujivuta na breki hubaki imeshika.

Wapo wanaoamini kwamba kukaza sana ni usalama. Sivyo. Uzito wa abiria unaposhusha pikipiki, mnyororo hujikaza zaidi, na mnyororo usio na nafasi huua beringi za gurudumu na ile ya shafti inayotoka kwenye gia boksi. Ndipo fundi aliyekosea nje hupata kazi ya ndani.

Mnyororo uliolika haurekebishiki. Aina ya 428, inayotumika katika pikipiki nyingi za sentimita za ujazo 125 na 150, ina milimita 12.7 kutoka pini moja hadi inayofuata. Uvute ukaze, kisha pima kutoka pini ya 1 hadi ya 21: mpya hutoa milimita 254. Ukikaribia 259, badilisha, pamoja na sproketi zote mbili. Kuvisha mnyororo mpya juu ya meno yaliyopinda kama ndoana ni kuutupa mnyororo huo. Klipu ya kiungo ifungwe upande wake usio na mwanya ukielekea mnyororo unakokwenda. Ikichomoka, mnyororo huweza kujisokota na kulifunga gurudumu la nyuma mwendoni.

Raba za habu husahaulika kwa sababu hazionekani, ilhali ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu. Gurudumu likitolewa, zikague: zilizokwisha hupwaya, hupasuka au huwa ngumu kama mbao.

Ikiwa yote hayo ni sawa, tazama klachi. Ncha ya mkono wa klachi huhitaji mchezo wa milimita 10 hadi 20 hivi kabla waya haujaanza kuvuta. Mchezo ukizidi, klachi haiachii yote: gia huingia kwa kishindo na nyutro huwa taabu kuipata. Ukikosekana kabisa, klachi huteleza na kuungua. Oili nayo ina neno lake. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea ndani ya oili ya injini, hivyo tafuta chupa yenye alama ya JASO MA au MA2. Oili ya gari iliyotengenezwa kupunguza msuguano huweza kuifanya klachi iteleze.

Dalili ya kweli ya ubovu wa ndani ni gia inayochomoka yenyewe ukiwa umevuta mafuta, hasa kwenye kilima. Hapo injini italazimika kufunguliwa. Dai makadirio ya maandishi kwanza, yakitaja kila kipuri na ujira, na umwambie fundi mapema kwamba vipuri vya zamani vyote utavichukua.

Kwa wasomaji wa Tanzania: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusu bidhaa bandia. Sproketi yenye jina la kampuni lililokosewa herufi, au mnyororo usio na namba yoyote kwenye viungo vyake, usiununue. Ukinunua, dai risiti ya kielektroniki inayotaja kipuri kwa jina, kwani neno “spea” peke yake halitakusaidia pakitokea mgogoro. Piga picha ya boksi kabla halijatupwa, na uihifadhi pamoja na risiti hiyo.