SHULE MBILI ZA WILAYA MOJA: TUPIME KWA HAKI

Kila mwaka yatokapo matokeo ya mtihani wa darasa la saba, mkoa wetu wa Singida hujaa sifa na lawama. Shule hii imeongoza wilaya, basi mwalimu mkuu wake apongezwe. Shule ile imeshika mkia, basi walimu wake ni wavivu. Hatusemi kwamba kulinganisha ni kosa. Mzazi ana haki ya kujua mwanawe afundishwavyo. Lakini mizani mbovu humhukumu asiye na hatia, na anayeumia zaidi ni mtoto. Kwa hiyo juma hili twapenda kujifunza pamoja na wasomaji wetu namna ya kupima kwa haki.

Tuanze na fedha. Katika Tanganyika ya wakoloni shule zilitengwa kwa rangi, na fedha ya kumsomesha mtoto wa Kizungu haikulingana hata kidogo na ya mtoto wa Kiafrika. Utengano huo ulikomeshwa kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 1962. Baadaye, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, yaani MMEM, ulioanza mwaka 2002, uliweka ruzuku kwa hesabu ya vichwa: kila mwanafunzi na fungu lake, awe wa mjini au wa porini. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, fungu hilo lilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. 4,000 zilibakizwa kwa ununuzi wa vitabu, na 6,000 zikapelekwa shuleni.

Wengi husema kwamba hapo usawa umekwisha kupatikana. Je, ndivyo? Tufanye hesabu ya mfano. Shule ya kwanza ina watoto 900, ya pili ina 270. Kwa shilingi 6,000 kila mtoto, ya kwanza yapata 5,400,000 na ya pili 1,620,000. Fungu ni moja, lakini mahitaji hayafuati vichwa peke yake. Paa lililoezuliwa na upepo halipunguzi gharama kwa sababu watoto ni wachache. Nauli ya mwalimu mkuu kwenda makao makuu ya wilaya hupimwa kwa maili, wala si kwa idadi ya wanafunzi. Anayeijua wilaya ya Mkalama anafahamu kwamba Iguguno ipo kando ya barabara kuu ya lami, na kwamba kufika Munguli, wakaapo Wahadzabe, ni safari ya namna nyingine kabisa.

Tena ruzuku ni sehemu ndogo ya fedha ya shule. Sehemu kubwa ni mishahara ya walimu, ambayo haipiti katika mfuko wa shule, na kwa hiyo watu huisahau. Turudi kwenye mfano wetu. Ikiwa shule ya kwanza ina walimu 18, kila mmoja ana watoto 50. Ikiwa ya pili ina walimu 3, kila mmoja ana watoto 90, na hao watatu wana madarasa saba ya kufundisha. Kipimo cha Serikali ni watoto 45 kwa mwalimu. Basi mtoto wa shule ya pili hugharimiwa na taifa kama nusu tu ya mwenzake, ingawa ruzuku yao ni sawasawa. Usione vyaelea, vimeundwa.

Pili, tutazame hesabu za mtihani wenyewe. Mahali penye watahiniwa 20, mtoto mmoja aliyeugua siku ya mtihani huteremsha matokeo kwa asilimia 5. Penye watahiniwa 200, huteremsha nusu ya asilimia moja tu. Basi shule ndogo isisifiwe wala kulaaniwa kwa mwaka mmoja. Itazamwe miaka mitatu au minne. Hali kadhalika tuulize: walioandikishwa darasa la kwanza walikuwa wangapi, na waliofika darasa la saba ni wangapi? Shule iliyoanza na watoto 60 ikafaulisha wote 20 waliobaki haijaishinda iliyoanza na 60 ikafaulisha 40 kati ya 55. Wale walioacha njiani kwenda kuchunga hawaonekani katika orodha yoyote, nao pia ni watoto wetu.

Hata hivyo, umaskini wa shule usigeuzwe kuwa kichaka cha kujifichia uzembe. Mwalimu asiyeingia darasani hana udhuru kwa sababu ya ruzuku ndogo. Wala mzazi hana udhuru. Elimu bila ada haikumwondolea mzazi wajibu wa sare, madaftari na chakula cha mtoto asomaye kutwa. Katika nchi yetu ya mvua za msimu mmoja, mtoto aliyetembea maili nyingi bila uji hawezi kushindana na aliyeshiba, hata wakipewa mwalimu mmoja.

Basi yatupasa nini? Kila kamati ya shule iyaulize mambo haya manne na kuyabandika ukutani wazazi wayasome: fedha iliyopokewa na ilivyotumika, idadi ya walimu kwa watoto, walioanza na waliomaliza, na wangapi hula mchana. Madiwani nao, kabla ya kuitangaza shule iliyoshika mkia, waulize kwanza walimu wa wilaya wamegawanywa vipi, kwa maana kumhamisha mwalimu mmoja kutoka penye wengi hadi penye watatu, na kumjengea nyumba ya kukaa huko, kwaweza kuleta faida kuliko lawama za miaka kumi. Orodha ya matokeo hutuonyesha nani amechelewa kufika. Ni juu yetu kuuliza nani alitembea njia ndefu zaidi, na kumfupishia njia hiyo.