Mwenyeji Arudiye Kwao Ni Mgeni wa Malaria

Mwezi wa Desemba ukikaribia, vituo vya basi vya Nairobi hujaa watu waendao makwao kwa likizo. Wengine huelekea Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia. Wengine hushuka Mombasa, na kutoka huko huendelea hadi Kilifi, Kwale na Lamu. Kila mtu amebeba zawadi: sukari, mablanketi, nguo za watoto. Lakini ni wachache wakumbukao kubeba chandalua. Mtu akiulizwa sababu, hujibu kwamba alizaliwa huko, na malaria ameizoea tangu utoto. Jibu hilo limewalaza wengi kitandani, na yafaa kila msafiri ajue kwa nini halina ukweli.

MWILI HUSAHAU

Mtu akuaye mahali penye malaria nyingi huumwa na mbu usiku baada ya usiku, na kidogo kidogo mwili wake hujifunza kupigana na vijidudu vya ugonjwa huo. Akiwa mtu mzima aweza kuwa na vijidudu katika damu naye asishindwe kwenda shambani. Lakini nguvu hiyo haidumu milele. Ni kama panga: likitumiwa kila siku hunolewa, likiachwa darini hushikwa na kutu. Aliyekaa Nairobi au Nyeri miaka mingi bila kuambukizwa hupoteza sehemu kubwa ya kinga yake. Basi, arudipo kwao, jamaa humwita mwenyeji, bali kwa malaria yeye ni mgeni.

Sababu ya Nairobi kuwa na malaria kidogo ni baridi yake. Mji huo uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kijidudu cha malaria sharti kikue ndani ya mwili wa mbu kwa muda wa siku kama 10 hadi 14, ndipo mbu huyo aweze kumwambukiza mtu mwingine. Penye baridi ukuaji huo huchelewa au hukoma kabisa. Pwani na kando ya Ziwa Victoria kuna joto na maji, na vijidudu hukua upesi.

Walio katika hatari kubwa zaidi ni watoto waliozaliwa mjini, ambao miili yao haijapata kuijua malaria hata siku moja. Binamu zao wa kijijini huenda wakacheza nao mchana kutwa na kulala nao chumba kimoja, lakini homa ile ile imtiayo mmoja uchovu wa siku mbili yaweza kumwua mwingine. Tena, chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwaka 2019 ilielekezwa kwa watoto wadogo wa sehemu za magharibi zenye ugonjwa mwingi, wala haikukusudiwa watoto wa Nairobi. Pamoja na watoto, yapasa kuwaangalia sana akina mama wajawazito na watu wenye ugonjwa wa selimundu.

KABLA YA KUONDOKA

Msafiri na amwone daktari wiki 2 au zaidi kabla ya safari, amweleze aendako na jamaa anaofuatana nao. Ziko dawa za kumezwa ili kuzuia malaria, lakini si kila dawa yamfaa kila mtu. Dawa iitwayo atovakuoni-proguanili huanzwa siku 1 au 2 kabla ya kufika, humezwa kila siku, kisha huendelezwa siku 7 baada ya kuondoka huko. Doksisaiklini nayo huendelezwa wiki 4, wala hawapewi wajawazito wala watoto walio chini ya miaka 8. Wengi hudhani kwamba wakishapanda basi la kurudi wanaweza kuacha dawa. Hilo ni kosa, maana vijidudu vyaweza kuwa bado mwilini vikingojea wakati wao.

USIKU WA KIJIJINI

Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa kazini Bara Hindi, aliona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Tangu hapo imejulikana kwamba malaria haitokani na mvua, wala maembe mabichi, wala upepo mbaya. Huletwa na mbu jike wa namna moja, ambaye huuma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri.

Kwa hiyo msafiri abebe vyandalua vilivyotiwa dawa, vinavyotosha watu wote wa nyumba yake. Nyumba yenye wageni wengi hukosa nafasi, na watoto hutandikiwa mikeka sebuleni; hao ndio wasahauliwao. Chandalua chaweza kufungwa hata juu ya mkeka, mradi pindo lake lichomekwe chini na kisiwe na tundu. Wale wapendao kukaa uani usiku wakizungumza wavae nguo za mikono mirefu na kujipaka mafuta ya kufukuza mbu.

Tumbo nalo lisisahauliwe. Maji ya kunywa yachemshwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Mtoto akiharisha, apewe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Asipopata nafuu, apelekwe zahanati.

HOMA BAADA YA KURUDI

Hapa ndipo wengi hukosea. Malaria haitokei siku ile mtu aumwapo na mbu. Kwa kawaida hukaa siku 7 au zaidi, na mara nyingine majuma kadhaa, kabla ya homa kuanza. Wakati huo likizo imekwisha, baba yuko kazini na watoto wako shuleni mjini. Mtoto akipata homa, kutapika na maumivu ya kichwa, wazazi hudhani ni mafua, nao hununua vidonge dukani. Daktari wa mjini naye asipoambiwa habari za safari, huenda asifikirie malaria. Siku zinazopotea hivyo ni siku za hatari.

Neno la kwanza la kumwambia daktari liwe hili: "Tumetoka safarini, mahali penye malaria." Damu ipimwe siku ile ile homa ianzapo. Ikionekana malaria, dawa imezwe mpaka mwisho. Dawa itumiwayo sana humezwa mara 2 kwa siku kwa siku 3, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Mtu asiache kwa sababu homa imeshuka. Wala asitumie klorokwini iliyobaki kabatini. Kenya iliiacha dawa hiyo kuwa tiba ya kwanza ya malaria mwaka 1998, kwa kuwa vijidudu vilikuwa vimeizoea.

Mtoto akishikwa na degedege, au akizimia, au akikataa kunyonya, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Zamani wazee wengi wa Pwani waliona degedege kuwa kazi ya nyuni au pepo. Leo yajulikana kwamba mara nyingi ni malaria kali, na kuchelewa kwaweza kumpotezea mtoto maisha.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kinga ya utotoni hupotea kwa aliyehama, na mtoto wa mjini hana kabisa.
2. Kila alalaye, hata mkekani, alale ndani ya chandalua chenye dawa.
3. Dawa ya kuzuia imezwe mpaka siku ya mwisho, hata baada ya kurudi mjini.
4. Homa yoyote baada ya safari ipimwe damu upesi, na daktari aambiwe habari za safari.

Kwenda kuwaona wazee ni jambo jema, na watoto yafaa wajue kwao. Lakini wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Baba afungaye mzigo wa likizo na aweke chandalua kwanza, ndipo atie sukari.