Baiskeli ya Chuma Iliyopinda: Ikague kwa Kidole na Uzi

Niliwahi kununua baiskeli ya mtumba iliyopakwa rangi ya bluu inayong'aa. Wiki ya tatu, nikitoka Mabibo kuingia Barabara ya Mandela, malori yakinipita ubavuni, ikaanza kunivuta kushoto kila nilipolegeza mkono. Fundi alikwangua rangi karibu na shingo kwa ncha ya bisibisi. Chini ya rangi kulikuwa na pati, na chini ya pati kulikuwa na mkunjo. Tangu siku hiyo sinunui fremu bila kuipapasa.

Ninazozungumzia hapa ni zile baiskeli za zamani za safari ndefu: mabomba membamba ya chuma, usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, na vitundu vya kufungia keria na madigadi kwenye masikio ya nyuma, yale yanayoshika ekseli ya gurudumu. Ukikuta stika ya Reynolds 531, hilo ni bomba la Kiingereza lililoingia sokoni mwaka 1935, na katikati ukuta wake haufiki milimita moja. Ni mali. Chuma kina uzuri wake: kikipinda kidogo, hunyooshwa. Alumini iliyopinda iache hapohapo.

Kwa hiyo beba sumaku. Isiposhika kabisa, hicho si chuma. Ikishika kwingine na kulegea mahali pamoja, shuku pati.

Kisha chuchumaa mbele ya baiskeli. Ikigonga kitu uso kwa uso, nguvu yote huishia nyuma ya shingo. Pitisha kidole taratibu chini ya bomba la chini, inchi moja au mbili kutoka shingoni, halafu chini ya bomba la juu. Jicho hudanganywa na rangi mpya, kidole si rahisi. Ukihisi kiwimbi, au ukaona rangi imepasuka kwa mstari mwembamba wenye kutu, chuma kimejikunja na kuchoka. Usiinunue, hata muuzaji akishusha bei mara tatu.

Uma wa mbele ukaguliwe kutoka ubavuni. Sehemu yake ya juu inapaswa kufuata mstari wa shingo, kisha ijikunje kwenda mbele. Ikirudi nyuma, imegongwa. Kama gurudumu limekaa upande, lichomoe, ligeuze kushoto kuwe kulia, ulirudishe. Likiegemea upande uleule wa awali, uma ndio umepinda. Likihamia upande wa pili, kosa ni la rimu. Uma hubadilishwa, ila gharama yake iondoe kwenye bei.

Sasa uzi. Funga kwenye sikio la nyuma la kushoto, uzungushe mbele ya shingo, uurudishe hadi sikio la kulia, ukaze. Pima kwa rula toka uzi hadi bomba la kiti, pande zote mbili. Tofauti ya milimita moja au mbili isikusumbue. Ikifika tano, nyuma imehama. Hiyo fundi mzoefu huinyoosha baridi, bila moto. Usikubali ipelekwe kwenye mashine ya kuchomelea mageti: umeme ule hutoboa bomba jembamba, na palipobaki huwa dhaifu.

Jaribu pia kuvuta nguzo ya kiti, ile inayoingia ndani ya bomba la kiti. Kwa hewa yetu ya pwani huganda kwa kutu.

Mwisho panda, upite kwenye dimbwi, uendeshe moja kwa moja hatua kumi kwenye lami kavu. Shuka uangalie alama za matairi. Zikilala moja juu ya nyingine, sawa. Zikienda sambamba kama reli, fremu au uma vimepinda, au gurudumu halijakaa katikati. Rudi kwenye uzi. Na muuzaji akikukatalia kuijaribu, rudisha hela mfukoni.